Goita, chumvi na amri ya kichwani: namna tezi ya pituitari inavyotoa homoni

Goita inaonekana shingoni, lakini amri ya kuikuza inatoka kichwani. Watu wazima wa milima ya Kivu wanaijua vizuri: shingo inavimba polepole, mwaka baada ya mwaka, bila maumivu, mpaka kitambaa hakiwezi tena kuificha. Wako wanaosema ni sumu. Wako wanaosema ni ya ukoo, kwa sababu mama alikuwa nayo na nyanya pia. Kumbe mara nyingi nyanya, mama na binti wamekula chakula cha udongo uleule, na udongo huo hauna iodini ya kutosha.

Iodini ni madini ambayo bahari inayo kwa wingi. Milima iliyo mbali na bahari, yenye mvua nyingi na mmomonyoko, inaipoteza. Butembo imekaa juu ya vilima, kwenye urefu wa zaidi ya mita 1,700, na bahari ya karibu ni ile ya Mombasa, nchi mbili mbele. Samaki wa ziwa Edward, wa Kyavinyonge au Vitshumbi, ni chakula kizuri sana, lakini ni wa maji baridi na hawawezi kuleta iodini kama samaki wa baharini.

Tezi ya shingoni, inayoitwa thairoidi, inahitaji iodini ili kutengeneza homoni zake mbili, T4 na T3. Hizo ndizo zinazopanga mwendo wa mwili: joto, mapigo ya moyo, ukuaji wa mtoto, na zaidi ya yote ubongo wa mtoto aliye tumboni. Iodini ikikosekana, homoni zinapungua. Hapo ndipo kichwa kinapoingia katika habari hii.

Tezi ndogo kama punje ya kunde

Pituitari iko chini ya ubongo, nyuma ya pua, ndani ya kishimo cha mfupa. Kwa mtu mzima ina uzito wa karibu nusu gramu. Kwa udogo huo inatawala tezi nyingine nyingi. Sehemu yake ya mbele ina seli za aina mbalimbali, na kila aina ina kazi yake: wengine wanatoa homoni ya ukuaji, wengine prolaktini inayoleta maziwa ya mama, wengine LH na FSH za uzazi, wengine ACTH inayoamsha tezi zilizo juu ya figo. Kikundi kidogo, karibu seli 5 kwa kila 100, kinatoa TSH, yaani homoni inayoichochea thairoidi.

Juu ya pituitari kuna sehemu ya ubongo inayoitwa haipothalamasi. Hiyo ndiyo inayotuma ujumbe kwa njia ya mishipa midogo ya damu. Ujumbe unaohusu TSH unaitwa TRH. Ni kitu kidogo ajabu, asidi amino tatu tu zilizounganishwa. Wanasayansi wawili nchini Marekani, Roger Guillemin na Andrew Schally, walishindana kwa miaka mingi kuitafuta, mmoja akitumia ubongo wa kondoo, mwingine wa nguruwe, kwa maelfu na maelfu ya vichwa kutoka machinjioni. Muundo wake ulijulikana mwaka 1969. Mwaka 1977 wote wawili walipewa tuzo ya Nobel, pamoja na mama Rosalyn Yalow, aliyebuni namna ya kupima homoni ndani ya damu hata zikiwa kidogo sana. Kipimo cha TSH kinachoandikwa leo na munganga kina mizizi katika kazi ya mama huyo.

Lakini kujua ujumbe siyo kujua namna unavyosikika. TRH ikifika kwenye seli ya pituitari, haiingii ndani. Inabaki nje. Basi homoni iliyo ndani inajuaje kwamba imeitwa?

Mafuta yanayobeba habari

Kila seli imezungukwa na utando mwembamba. Utando huo umetengenezwa hasa kwa mafuta ya aina ya fosfolipidi, yaliyopangwa katika safu mbili. Kwa muda mrefu yalifikiriwa kuwa ni ukuta tu, kama seng'enge ya paseli: kazi yake ni kutenga ya nje na ya ndani. Ilichukua miaka thelathini kuelewa kwamba ukuta wenyewe unasema.

Dalili ya kwanza ilitoka kwa Mabel Hokin na Lowell Hokin, mwaka 1953. Walikuwa wakichunguza vipande vya kongosho la njiwa. Walipoziamsha seli zitoe vimeng'enya, waliona kwamba fosfeti inaingia haraka katika mafuta fulani ya utando. Kwa nini mafuta yabadilike wakati seli inatoa kitu kingine kabisa? Watu wengi hawakuona maana yake. Mwaka 1975 Robert Michell wa Uingereza alipendekeza kwamba kuvunjika kwa mafuta hayo kunahusiana na kalsiamu ndani ya seli. Mwaka 1983 Michael Berridge na wenzake walionyesha kwamba kipande kimoja cha mafuta yaliyovunjika kinafungua akiba ya kalsiamu. Huko Kobe, Japani, Yasutomi Nishizuka naye alikuwa ameonyesha kazi ya kipande cha pili. Hapo mambo yakakamilika.

Mafuta yenyewe yana jina refu, fosfatidilinositoli bisfosfeti, ndiyo maana wataalamu wanayaita PIP2 tu. Ni kidogo sana, kama sehemu 1 kwa 100 ya mafuta ya utando, na yanakaa upande wa ndani. Mambo yanakwenda hivi. TRH inafika sawa vile mgeni kwenye mlango wa paseli. Haingii, inaongea na zamu. Zamu huyo ni protini iliyopita katikati ya utando, kichwa nje, miguu ndani. Akishapata habari anamwamsha msaidizi aliye ndani, protini G, naye anamwamsha mkataji, kimeng'enya kinachoitwa fosfolipasi C. Mkataji anachukua PIP2 na kuipasua vipande viwili.

Kipande cha kwanza, IP3, kinapenda maji. Kinaachana na utando na kukimbia ndani ya seli hadi kwenye vifuko vilivyoweka kalsiamu. Kinafungua milango yake. Kwa kawaida kalsiamu iliyo huru ndani ya seli ni kidogo mno, karibu mara 10,000 chini ya ile iliyo nje, kwa hiyo hata kiasi kidogo kikimwagika, seli nzima inashtuka. Kipande cha pili, diasilgliseroli au DAG, ni mafuta matupu. Hakiwezi kuondoka. Kinabaki palepale kwenye utando na kuita kimeng'enya kingine, protini kinasi C, ambacho kinabadilisha kazi ya protini nyingi zilizo karibu.

Homoni yenyewe ilikuwa tayari. Ilishatengenezwa na kufungwa katika vifuko vidogo, vinangoja karibu na utando kama mizigo iliyofungwa juu ya lori kule Kasindi, inayongoja tu kizuizi kifunguliwe. Kalsiamu ikipanda, vifuko vinaungana na utando, vinafunguka kwa nje, na homoni inaingia katika damu.

Utoaji huo una hatua mbili. Ya kwanza ni ya haraka: kalsiamu ya akiba inamwagika, homoni inatoka kwa wingi, halafu inashuka. Ya pili ni ya chini lakini inadumu, nayo inategemea kalsiamu inayoingia kutoka nje ya seli na kazi ya protini kinasi C. Mengi ya haya yalijulikana kupitia seli zinazoitwa GH3, zilizotokana na uvimbe wa pituitari ya panya na kukuzwa katika maabara. Jambo la kuchekesha kidogo: seli hizo hazitoi TSH hata tone. Zinatoa prolaktini na homoni ya ukuaji. Zilitumika kwa sababu zina mlango wa TRH, na kwa sababu seli halisi za TSH ni chache na ni vigumu kuzitenga.

PIP2 ina kazi nyingine ambayo watu wengi wanaisahau. Siyo lazima ikatwe ndipo ifae. Katika miaka ya 1990 ilionekana kwamba PIP2 iliyo nzima inahitajika ili vifuko vya homoni viwe tayari kufunguka. Kuna protini zinazoishika ili kusogeza kifuko mahali pake. Kwa maneno mengine, mafuta yaleyale ni barua na pia ni kituo cha kushushia mzigo. Seli ikiikata yote bila kuirudisha, itakosa vyote viwili. Ndiyo maana inaitengeneza upya bila kuchelewa: inositoli inarudishwa, DAG inabadilishwa, kalsiamu inasukumwa tena kwenye akiba, na mlango unangoja mgeni mwingine.

Siyo homoni zote za pituitari zinazopita njia hii. Ujumbe wa GnRH, unaoamsha LH na FSH, unaipita. Ule wa homoni ya ukuaji unapita zaidi kwenye njia nyingine, ya kitu kinachoitwa AMP ya mzunguko. Prolaktini iko peke yake: kwa kawaida inazuiliwa na dopamini, na mtoto akinyonya kizuizi kinalegea. Lakini TRH pia inaweza kuisukuma kupitia PIP2. Kwa sababu hiyo, mwanamke ambaye thairoidi yake imelegea sana anaweza kutokwa na maziwa bila kuwa na mtoto, na mwezi wake ukavurugika. Anayetibiwa maziwa tu bila kupimwa TSH anatibiwa nusu.

Breki inapokatika

Katika mwili wenye iodini ya kutosha, T4 na T3 zinarudi kwenye pituitari na kusema: inatosha. T3 inaingia hadi kwenye kiini cha seli, inapunguza utengenezaji wa TSH na pia idadi ya milango ya TRH kwenye utando. Hiyo ndiyo breki.

Iodini ikikosekana, breki inalegea. Milango inaongezeka, mafuta mengi zaidi yanakatwa kwa ujumbe uleule, TSH inapanda. Thairoidi inachochewa usiku na mchana ikusanye iodini ambayo haipo, na kwa kujitahidi inakua. Uvimbe wa shingo ni matokeo ya tezi inayofanya kazi kupita kiasi kwa malighafi kidogo.

Ukanda wa Kivu ulitoa fundisho kubwa kwa dunia nzima kuhusu jambo hili. Katika miaka ya 1960 watafiti waliofanya kazi na kituo cha IRSAC cha Lwiro, kati yao François Delange na André Ermans, walichunguza wakaaji wa kisiwa cha Idjwi, katikati ya ziwa Kivu. Kaskazini ya kisiwa goita ilikuwa imeenea mno, karibu mtu mmoja kwa kila wawili. Kusini-magharibi ilikuwa adimu. Wote walitazamia kukuta iodini nyingi kusini. Hawakuikuta: upungufu ulikuwa mkubwa pande zote mbili.

Tofauti moja kubwa ilikuwa muhogo. Muhogo mchungu una kitu kinachotoa sianidi. Mwili unaibadilisha sianidi kuwa thayosianeti, na hiyo inaizuia iodini kuingia katika thairoidi. Mahali penye iodini ya kutosha, shida hiyo haionekani sana. Mahali ambapo iodini ni kidogo tayari, inageuka kuwa mzigo wa pili. Habari hii haisemi kwamba watu waache bugali ya muhogo. Muhogo uliolowekwa siku kadhaa, ukachacha, ukaanikwa vizuri, unapoteza sehemu kubwa ya sumu hiyo. Sombe iliyotwangwa vizuri na kuchemshwa muda mrefu vilevile. Hatari inakuja vita vinapowafanya watu wakimbie na kufupisha kazi: muhogo unang'olewa haraka, unalowekwa usiku mmoja, unasagwa. Familia zilizohama kutoka Eringeti, Mamove au pande za Oicha zinajua maana ya kupika kabla chakula hakijawa tayari.

Kisha kuna selini, madini mengine yaliyopungua katika sehemu hizo. Upande wa Ubangi, kaskazini ya nchi, watafiti waliwapa watu selini bila iodini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1991 yalionyesha kwamba wale ambao thairoidi yao ilikuwa imelegea walizidi kulegea. Tangu hapo inajulikana kwamba iodini inatangulia. Wanaouza vidonge vya madini mchanganyiko sokoni na kusema vinaponya kila kitu hawaelezi hilo.

Chumvi ya sokoni

Mtu mzima anahitaji karibu maikrogramu 150 za iodini kwa siku. Mama mjamzito au anayenyonyesha, karibu 250. Kwa maisha yote, ni kama kijiko kidogo kimoja. Tatizo ni kwamba mwili hauwezi kuweka akiba ya miaka mingi, inabidi ipatikane kidogo kidogo bila kukosa. Ndiyo sababu dunia ilichagua chumvi, kwa kuwa hata nyumba maskini haipiki bila chumvi.

Sehemu kubwa ya chumvi inayoliwa Beni na Butembo inapita Kasindi, ikitoka Kenya na Uganda, nchi zilizoweka sheria ya kutia iodini katika chumvi, Kenya tangu miaka ya 1970 na Uganda tangu miaka ya 1990. Barabara ya Beni-Kasindi imeshambuliwa mara nyingi, na bidhaa zikichelewa watu wananunua kile kilichopo. Kile kilichopo kinaweza kuwa chumvi ya mawe ya Katwe, karibu na ziwa Edward upande wa Uganda. Biashara ya chumvi hiyo na Wanande ni ya zamani kuliko mpaka wenyewe. Ng'ombe wanaipenda, na wazee wanasema ina ladha kuliko ya pakiti. Lakini chumvi ghafi ya mgodi haijatiwa iodini, na ladha haisaidii kitu hapo.

Hata chumvi nzuri inaweza kuharibika njiani. Unyevu unaichukua iodini, na joto na jua pia. Gunia lililofunguliwa sokoni, likanyeshewa, likaanikwa, halafu chumvi ikauzwa kwa kikombe, siyo sawa na pakiti iliyofungwa. Kipimo kinachokubaliwa nyumbani ni angalau miligramu 15 za iodini kwa kilo moja ya chumvi. Nyumbani inafaa kuiweka katika chombo chenye kifuniko, mbali na moto na dirisha, na kuitia chakula kikikaribia kuiva. Anayeambiwa na munganga apunguze chumvi kwa ajili ya presha apunguze tu. Iliyobaki iwe ya iodini.

Wanaopoteza zaidi ni watoto ambao bado hawajazaliwa. Katika miezi ya kwanza ya mimba ubongo wa mtoto unategemea T4 ya mama. Upungufu mkubwa unaweza kuzaa mtoto kiziwi, mfupi, mwenye akili iliyolemazwa kwa maisha yote. Upungufu wa wastani hauonekani kwa macho: mtoto anakwenda shuleni, anachelewa kusoma, anaitwa mvivu. Kutibu baada ya kuzaliwa hakurudishi kilichopotea tumboni. Kwa hiyo mama anayefikiria mimba anafaa kuanza chumvi ya iodini mapema, siyo kungoja mwezi wa sita.

TSH inaposema uongo

Kwa sababu ya mfumo huu wa breki, TSH ni kipimo kizuri: ikipanda, thairoidi imelegea; ikishuka karibu na sifuri, thairoidi inafanya kazi kupita kiasi. Lakini kipimo hicho kinaamini kwamba pituitari yenyewe ni nzima. Kuna wakati siyo.

Mfano ulio karibu na wodi za kujifungulia ni ule ulioelezwa na Harold Sheehan mwaka 1937. Wakati wa mimba pituitari inakua, inahitaji damu zaidi. Mama akipoteza damu nyingi sana wakati wa kuzaa, sehemu ya tezi inaweza kufa. Seli zikishakufa, TRH inafika na hakuna mlango, hakuna mafuta ya kukata, hakuna homoni ya kutoa. Dalili ya kwanza mara nyingi ni maziwa kutotoka kabisa. Baadaye mwezi haurudi, nywele za kwapa zinaanguka, anachoka, anasikia baridi, presha iko chini. Inaweza kuchukua miaka kabla mtu hajaunganisha uchovu huo na damu ya siku ile. TSH yake inaweza kuwa ya kawaida au chini, wakati T4 imeanguka. Anayepima TSH peke yake atamwambia mama kwamba hana ugonjwa.

Hapa utaratibu wa dawa ni wa maana sana. Mama huyo akipewa dawa ya thairoidi kwanza, bila kurudishiwa homoni ya kotisoli, anaweza kuanguka vibaya. Kotisoli inatangulia. Kwa hiyo anayejua kwamba alitoka damu nyingi akijifungua amweleze munganga, hata kama ni miaka kumi iliyopita.

Upande wa pili wa sarafu ulionekana katika miaka ya 1990, wakati chumvi yenye iodini ilipofika kwa haraka katika maeneo yaliyokaa bila iodini kwa vizazi. Katika Kivu, kama vile Zimbabwe, waganga walianza kuona watu, hasa wazima wenye goita ya zamani yenye mafundo, wakikonda, wakitetemeka, moyo ukienda mbio. Taarifa ya Kivu ilichapishwa mwaka 1996. Mafundo yale yalikuwa yamezoea kufanya kazi bila kungoja amri ya TSH. Yalipopata iodini, yakatoa homoni bila kipimo. Pituitari ilinyamaza kabisa, lakini hakuna aliyekuwa akiisikiliza tena. Kwa jamii nzima faida ya chumvi ni kubwa kuliko hatari hiyo, na wimbi kama hilo hupungua miaka inavyopita. Kwa mzee mwenye goita kubwa ya mafundo ambaye ameanza kukonda ingawa anakula vizuri, na moyo unamdunda akiwa amekaa, kipimo cha TSH kisingoje.